Sindano Ambayo Eugenia Hakuichoma

Mdogo wangu Eugenia alikuwa na mdomo, na nasema hivyo kwa kumsifu. Saluni yake ilikuwa Nyakato, nyuma ya viwanda, na kuna wanawake walikuwa wanakwenda pale na nywele zilizosukwa juzi ili wakae tu wamsikilize. Anakusuka huku anakuigiza unavyotembea, unavyomwita mumeo, unavyojifanya hujaona chumvi imezidi kwenye mchuzi wako. Unacheka mpaka kichwa kinatikisika, naye anakupiga na kitana: tulia, utatoka upande! Watu husema sisi Wahaya tuna maringo. Haya, tunayo. Eugenia alipewa ya ukoo mzima, mimi Prudencia nikabakiziwa hasira.

Mimi nauza ndizi Buhongwa, pale barabara ya Shinyanga. Ukiuliza yule mama mkali wa ndizi, utaletwa hadi kwenye meza yangu. Kwa hiyo usitegemee nikusimulie habari hii kwa upole, maana sina.

Eugenia aliolewa na Luhaga, Msukuma wa ng'ambo ya Busisi, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba. Mwanaume mpole, maneno yake ya wiki nzima yanatosha kwenye kijiko. Tulimtania sana, shemeji umemwoa Mhaya ili akusemee? Anatabasamu tu. Mimba ilipokuwa kubwa, mama mkwe, Bibi Getruda, akasema binti aende kwake akapumzike, apate maziwa na hewa ya ziwa. Nikamsindikiza, nikabaki naye.

Uchungu ulimwanza mapema. Alijifungua kwenye zahanati ya kule, mtoto wa kike, mzima, analia. Kondo la nyuma likagoma kutoka. Lilipokuja kutoka, ikafuata damu. Jamani, mimi nimeona ng'ombe akichinjwa, lakini damu ya namna ile sijaiona. Wakatupakia kwenye gari kuja Mwanza. Siku hizo daraja lilikuwa bado, ni kivuko, na kivuko kilikuwa kimeondoka kuelekea Kigongo, upande wa Mwanza. Tukakaa foleni. Nimemshika mtoto mkono mmoja, mkono mwingine nampiga Eugenia mashavuni asilale. Khanga zote zilikuwa zimelowa. Akawa mweupe, midomo ikawa ya kijivu, akaniambia, "Dada, nasikia baridi," jua la saa nane limesimama utosini. Nikamtukana. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua ili akasirike asife.

Hakufa. Alifika hospitali, akaongezwa damu, akapona, tukamshukuru Mungu kwa ibada na nyimbo. Aliyerudi nyumbani tukamwita Eugenia, kwa kuwa sura ilikuwa ileile.

Jambo la kwanza, maziwa hayakutoka. Sio kwamba yalikuwa kidogo, hapana, hata tone. Bibi Getruda alimpikia uji wa ulezi, akampikia mchuzi wa sato, akamsagia karanga. Mimi nikamkanda matiti kwa kitambaa cha moto mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mtoto, tulimwita Sharon, alivuta akachoka, akalia, akavuta tena. Eugenia anamwangalia tu. Mwishowe Bibi Getruda akamchukua mtoto, akamchemshia maziwa ya ng'ombe wake, akamnywesha kwa kikombe kidogo. Siku hiyohiyo nikasikia wifi yake Sabina, dada wa Luhaga, anamwambia jirani kwamba mke wa kaka amekataa kunyonyesha ili matiti yasilale. Ningemvuta nywele, ila nilikuwa kwa watu.

Wakarudi Nyakato na Sabina akaja kuishi nao, eti kusaidia kulea. Miaka ikaenda. Nitakueleza nilichokiona ndani ya miaka hiyo, nawe niambie kama ungetambua. Mwanamke anavaa sweta mwezi wa kumi, Mwanza, wakati mawe yenyewe yanatoa joto. Nyusi zake ziliisha upande wa nje. Nywele zilizokuwa zinavunja vitana zikawa zinabaki kwenye mto. Alikuwa akilala kama mgonjwa, akiamka anatafuta chumvi, anailamba kiganjani. Sauti ikawa nzito na ya polepole. Saluni ikapoa. Alisuka vizuri vilevile, vidole vinajua kazi, ila alikuwa kimya, na nani anakwenda kusukwa na mtu aliyenyamaza? Wateja walihamia kwa jirani mmojammoja, naye akawa anawatazama wakipita mlangoni kwake, hata kinyongo hana.

Kwa mtoto ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimwogesha, akamlisha, akamvalisha. Kila kitu kwa wakati wake. Lakini Sharon akianguka akaumia goti, mama anachukua maji anaosha goti. Akivunja sahani, mama anaokota vipande. Akija na ua la mchongoma amelichuma, mama anasema ahsante na kuliweka chini. Hakumbeba ila alipohitaji kubebwa, hakumfokea, hakumchekea. Nilimuuliza siku moja, kwa ukali, "Eugenia, huyu mtoto humpendi?"

Akafikiri kwanza. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba alifikiri. Akasema, "Najua ni wangu, dada. Najua natakiwa nimpende. Nikimtazama ni kama naambiwa habari za mtu mwingine."

Mama yetu alipofariki, kule Muleba, Eugenia alisimama kaburini na sweta mbili. Kwetu msiba unaliliwa kwa sauti. Shangazi zetu walikuwa wamelala chini, mimi koo limekauka kwa kulia, yeye kasimama anaangalia udongo unavyoshuka. Macho makavu. Watu walinong'ona juu yake pale pale, wala hakujali. Aliniuliza kama kuna mahali anaweza kukaa, miguu imechoka.

Sasa kuna jambo lingine, na hili ndilo lililoleta balaa. Tangu siku ile ya kujifungua, Eugenia hakuona tena siku zake. Hata mwezi mmoja. Mwanzoni hakushangaa, wazazi wengi huchelewa. Baadaye aliona ni unafuu. Hakumwambia mtu, hata mimi. Lakini nyumba ni ndogo, choo ni kimoja, kamba ya kuanikia ni moja, na Sabina ana macho. Sabina akaona wifi yake hanunui pedi, hafui kitambaa, hasemi tumbo linaniuma. Na mimba haiji. Akajumlisha mwenyewe. Akamwambia kaka yake kwamba mkeo anachoma sindano.

Unaielewa sindano ninayosema. Ile ya uzazi wa mpango, ya miezi mitatu. Wanawake wengi wakiitumia hawaoni siku zao, na wengi wanaitumia kwa siri, mume hajui. Kwa hiyo hesabu ya Sabina ilikuwa na akili, siwezi kumnyima hilo. Damu haionekani, mtoto wa pili haji, mke amemgeuzia mume mgongo, basi ni sindano. Luhaga akamuuliza mkewe. Eugenia akasema, "Sichomi." Akasema mara moja, kwa sauti ileile ya kusema chai imeiva, akarudi kulala. Mwanaume angeamini vipi? Mtu aliyesingiziwa hupiga kelele, huapa, hulia. Mdogo wangu hata kope hakupepesa. Luhaga akachukulia utulivu ule kuwa ni dharau.

Kesi ikapelekwa ng'ambo kwa wakubwa. Ikaamuliwa kwamba Sharon aende kwa bibi yake, asome darasa la kwanza huko, na kwamba Eugenia afikirie vizuri, akiendelea na ukaidi atarudishwa kwao na mtoto atabaki kwa baba yake. Nilisikia habari hiyo nikiwa sokoni nikafunga meza, nikapanda Nyakato, nikamkuta amekaa kitandani. Sanduku la nguo za mtoto lilikuwa limeshaondoka.

"Wamemchukua Sharon?" nikamuuliza.

"Bibi yake amekuja asubuhi."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilimfungia sweta. Kule upepo ni mkali."

Weee! Nilipiga ukuta kwa kiganja mpaka mpangaji wa chumba cha pili akauliza kuna nini. Nikamwambia Eugenia, mwanao ameondoka, hatarudi, unaelewa? Watamwoza huyu Luhaga mke mwingine na mwanao ataitwa wa mwingine! Akaniangalia na yale macho yasiyo na nyusi. Akasema, "Naelewa, dada. Nisamehe, nimechoka." Akajilaza. Nilitoka mle ndani nikilia kwa hasira, na yeye sikumsikia hata akishusha pumzi.

Haikupita muda akashikwa na kuhara, ugonjwa wa kawaida tu, mtaa mzima ulikuwa nao. Wenzake walikunywa maji ya chumvi na sukari wakaamka. Yeye akazimia. Luhaga ndiye aliyenipigia simu, tukampeleka hospitali kubwa. Presha ilikuwa chini kabisa, sukari chini. Wakamtundikia maji, hakuamka vizuri. Ndipo akaja daktari mmoja, Daktari Mihayo, mama wa makamo, mfupi, anayevaa miwani kwenye nywele. Alimtazama Eugenia usoni kwa muda. Akamwinua mkono, akatazama kwapani, hakuna unywele. Akanigeukia.

"Ana mtoto?"

"Mmoja."

"Alipojifungua alitokwa na damu nyingi?"

"Nusura afe."

"Na baada ya hapo, maziwa yalitoka?"

Nilikaa chini. Kulikuwa na kiti, bahati. Miaka yote ile, zahanati, maduka ya dawa, vipimo vya malaria, vipimo vya damu, vidonge vya kuongeza damu, hakuna aliyewahi kuuliza habari ya maziwa. Nikamwambia hayakutoka. Akauliza siku zake. Nikasema sijui. Eugenia akafungua macho, akasema yeye mwenyewe, "Sijaona tangu Sharon." Luhaga alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Daktari akaagiza sindano ya dawa moja pale pale, bila kusubiri majibu, na kufika jioni mdogo wangu alikuwa amekaa anaomba supu. Nikasema huyu mama nitamletea mkungu mzima wa ndizi, apende asipende.

Majibu yalipotoka, damu na picha ya kichwa, akatuita sote watatu ofisini. Nikamwambia, daktari, tuongee Kiswahili cha sokoni. Akacheka. Akagusa katikati ya paji lake la uso.

"Ndani hapa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama harage. Hiyo ndiyo inayoamrisha. Mwanamke anapoona siku zake, watu hudhani ni kazi ya tumbo. Kazi inaanzia huku. Tezi inamwaga homoni kwenye damu, homoni inashuka mpaka kwenye ovari, inaliambia yai likue. Yai linapokua, ovari nayo inatoa homoni yake, na hiyo inauandaa mji wa mimba, inatandika. Homoni ya ovari ikipanda vya kutosha, tezi inapata habari, inamwaga homoni nyingine kwa nguvu, yai linatoka. Mimba ikiingia, matandiko yanabaki. Isipoingia, homoni za ovari zinashuka, matandiko yanabomoka na kutoka. Ndiyo hiyo damu. Halafu tezi inaanza tena upya."

"Kwa hiyo damu ni mwisho wa kazi," nikasema.

"Ni mwisho. Sasa, mwanamke akiwa mjamzito tezi hii inanenepa, inajiandaa kuleta maziwa, na hayo nayo yanaletwa na homoni yake. Ikinenepa inataka damu nyingi. Huyu alipomwaga damu siku ile, haikufika ya kutosha kule juu. Tezi ikafa. Mwenyewe akapona, nanyi mkafurahi, na ilikuwa haki yenu kufurahi. Lakini ovari zake ni nzima, ziko pale zinangoja amri, na wa kuamrisha hayupo."

Luhaga akakohoa. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akauliza swali refu. "Daktari, samahani. Ile sindano ya uzazi wa mpango. Haiwezi ikawa ndiyo imeleta hivi?"

Daktari Mihayo akashusha miwani kutoka kwenye nywele, akaivaa, akamtazama. "Ile sindano ni homoni pia. Ikiingia mwilini, huko juu kunatulia, ile amri ya kutoa yai haitumwi. Mwanamke akiacha, amri zinarudi. Mkeo tezi yake imekufa. Hana hata kitu ambacho sindano ingekizuia. Aliyekuambia anachoma sindano alikuwa anakisia."

Luhaga akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa na maneno mengi tayari mdomoni, lakini nilipoona anavyojishika magoti nikayameza, na kwangu hiyo ni kazi.

Daktari akaendelea. Alisema tezi hiyohiyo ndiyo inayoamrisha tezi ya shingoni, ile inayotupa joto na wepesi, na ndiyo inayoamrisha tezi zilizokaa juu ya figo, zinazotusimamisha tukiugua. Zote kwa Eugenia zilikuwa zimelala. Ndiyo maana ya baridi, ya usingizi, ya chumvi, ya kuhara kidogo tu akazimia. Nikauliza nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo. "Na roho yake, daktari? Huyu mama yake alipokufa hakulia."

"Mtu akikosa homoni hizo anapoa mwili mzima," akasema, "na moyo uko humo humo. Sio roho mbaya. Ni ugonjwa."

Nilimgeukia mdogo wangu nione amelipokeaje. Alikuwa anaangalia chati ya chanjo ukutani. "Nimesikia," akasema.

Basi akaanza vidonge. Kwanza vya kusaidia zile tezi za figo, kisha vya tezi ya shingo, baadaye vya homoni za kike, na aliambiwa ni vya maisha, siku ya kuugua asithubutu kuviacha. Kupata mtoto mwingine kunawezekana, ila ni kwa sindano maalumu zinazofanya kazi ya ile tezi, na hilo ni jambo la baadaye, Dar es Salaam, kwa wataalamu. Nilimhamishia kwangu Buhongwa nimsimamie. Luhaga alikuja kila Jumapili, anakaa, anakunywa chai, anaondoka. Wote wawili kimya. Niliwaambia nyumba yangu sio makumbusho.

Haikuja kwa ghafla. Alivua sweta ya juu, baadaye ya chini. Akaacha kulamba chumvi. Asubuhi moja nikiwa nafoka kuhusu wapakiaji waliobonyeza ndizi zangu, akainua uso akasema, "Dada, unaongea mno." Ee! Kijiko changu kilibaki hewani. Hakuwahi kukerwa na kitu tangu amzae Sharon. Nilitamani nimkumbatie, nikaogopa ile hasira yake itakatika. Mwezi uliofuata akaniambia chooni, kwa aibu kama msichana, kwamba ameona siku zake, vile vidonge vimeleta. Tumbo linamuuma. Nikamwambia karibu tena duniani, huku ndivyo tunavyoishi.

Kisha siku moja akaja sokoni mchana, katikati ya wateja. Akasimama mbele ya meza yangu, akashika mkungu kwa mikono miwili.

"Mama amekufa," akasema.

Nikadhani amechanganyikiwa. "Eugenia, mama alikufa siku nyingi. Ulikuwepo."

"Najua nilikuwepo. Leo ndiyo imenifika."

Akaketi chini, kwenye majani ya migomba, akalia. Alilia kama tunavyolia kwetu, kwa sauti, anamwita mama kwa majina yake yote. Wateja wakauliza nani kafariki, nikawaambia mama yetu, wakatoa pole, wakaketi nasi. Hakuna aliyeuliza lini. Alipomaliza alijifuta uso na khanga yangu, akasema, "Nataka mtoto wangu."

Nikamwambia tunakwenda. Luhaga akapanga kikao nyumbani kwao. Safari hii tulipita juu ya daraja, maji yako chini, dakika chache tumevuka. Eugenia hakutazama nje. Aliniambia anaogopa, na akanieleza anaogopa nini: sio wazee, ni Sharon. "Atanikimbilia kwa lipi, dada? Kuna siku hata moja niliyompa sababu?"

Kweli mtoto hakukimbia. Alikuja akapiga magoti, "Shikamoo mama mkubwa. Shikamoo mama." Tukaitikia marahaba. Akasimama kidogo, akaangalia kama anaruhusiwa kuondoka, akarudi kwa watoto wa Sabina, wanaolelewa na bibi pale, waliokuwa wanacheza kando ya mawe. Eugenia alimfuata kwa macho, mkono umeshika ncha ya khanga. Nilitaka kumfinya nimwambie usilie sasa, wazee wanatazama.

Tulikaa nje ya nyumba, viti vimepangwa, ziwa mbele yetu chini ya mteremko. Aliyeongoza kikao ni Mzee Mashimba, baba mdogo wake Luhaga, mtu wa haki ila mzito. Luhaga akasimama akaeleza yote ya daktari. Alieleza vizuri, sikujua ana maneno mengi hivyo. Akasema mbele ya watu kwamba sindano haikuwepo, kwamba alimdhania mkewe vibaya. Sabina akatazama kucha zake. Mimi nikamtazama yeye, nikamtazama tena, mpaka akahamisha kiti.

Bibi Getruda hakupinga. Alisema, "Mwanangu, nimekubali. Sindano hakuchoma, ni ugonjwa, namwomba radhi. Lakini tunazungumza habari ya mtoto. Huyu mtoto amenywa maziwa ya ng'ombe wangu. Akiota ndoto ananiita mimi. Mimi ni mwanamke, nimezaa, najua. Mama yake hana uchungu naye. Nilimwona siku naondoka na mtoto, macho makavu. Hizo dawa zinaleta damu ya mwezi, sawa. Zinaleta na uchungu wa mtoto?"

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo sababu ilichoma. Hata mimi, Prudencia, sikujua. Kumlilia mama aliyekulea ni kitu kimoja. Huyu mtoto hajawahi kumhisi hata dakika moja, uchungu utatoka wapi? Mzee Mashimba akasema, "Mkwe wetu ajibu mwenyewe."

Eugenia akasimama. Alikuwa ameandaa maneno, tuliyafanyia mazoezi usiku kucha. Akaanza kwa heshima, "Shikamooni wazee wangu. Mimi sikuja kugombana na mama, mama amenilelea. Nimekuja kuomba..."

Akakatika. Nilidhani amesahau. Nikafuata macho yake. Kule chini watoto walikuwa wanarukia mawe, na Sharon alikuwa ameruka mpaka jiwe la mwisho, lililozungukwa na maji ya kijani, mahali ambapo wiki iliyopita mbuzi alichukuliwa na mamba, kila mtu alikuwa anaisimulia tulipofika. Amechutama anachezea maji na kijiti.

"SHARON!"

Sikuijua sauti hiyo. Kuku walitawanyika. Eugenia alipita katikati ya wazee, kiti cha Mzee Mashimba kikapinduka, kiatu kimoja kikabaki. Aliteremka ule mteremko kama mwizi anayekimbizwa, akaruka mawe, akamshika mtoto mkono akamvuta mpaka nchi kavu. Na hapo akamfungulia mdomo. "We mtoto una wazimu? Una wazimu, nakuuliza! Unataka kuniua? Nani kakwambia ukae pale? Huoni maji? Huna masikio? Nitakuchapa, Sharon, nakuapia nitakuchapa usikae wiki! Mtoto gani hasikii! Nikikupoteza mimi naishi na nani, niambie, naishi na nani?" Anamtikisa, anamkumbatia, anamtikisa tena, anapangusa matope kwenye magoti yake kwa nguvu mpaka mtoto anayumba. Ziwa zima lilimsikia.

Sharon alimkodolea macho. Kisha mdomo ukapinda, akaangua kilio.

Huku juu Mzee Mashimba aliinua kiti chake, akakiweka sawa, akaanza, "Haya, kikao kiendelee." Bibi Getruda akamkatiza. Alikuwa ameshasimama, anajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kiendelee na nini?" akasema. "Sabina, nenda kamfungie mtoto nguo zake." Akaingia ndani, na nilisikia anapenga kamasi huko jikoni. Alikuwa anapoteza mtoto, na sikupata raha niliyoitegemea.

Sharon alipanda mteremko mbele, kamasi na machozi vimechanganyika, mama yake nyuma yake bado anafoka. Alipowapita watoto wa Sabina, ambao wao hugombezwa kila siku ya Mungu, alinyoosha shingo. Akaja moja kwa moja kwangu, akanishika goti.

"Mama mkubwa, umemsikia mama?" akasema, kwikwi bado inamtikisa. "Kanigombeza mimi."